Mtu Aliyesoma Magego ya Ndama Wasiozaliwa

Kila asubuhi, kabla hajavua kofia, Fundi alikuwa anaishika nta. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akasikilizia, kisha akasema "leo itakubali" au "leo haitakubali", na mara nyingi alikuwa sahihi. Arusha ina asubuhi za baridi kali, hasa Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani mpaka kwenye mabati ya Ngarenaro. Nta ikishikwa na baridi ya namna hiyo haikatiki vizuri, inavunjika. Siku nta ilipogoma aliwasha jiko dogo la umeme chini ya meza, akakaa kuisubiri, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Jina lake la ubatizo lipo kwenye makaratasi ya ofisi, nami sitalitaja, kwa sababu hata yeye hakupenda litajwe. Sisi wafanyakazi wa ile maabara ndogo ya mifugo tulimwita Fundi. Majirani wa ofisi waliolisikia jina hilo walimletea pasi na redio mbovu. Aliwarudisha kwa adabu, isipokuwa pasi mbili ambazo kweli alizitengeneza.

Kazi yetu kubwa pale ilikuwa kutafuta sababu ya mifugo kupoteza mimba. Mfugaji akiona ng'ombe wake ametoa ndama kabla ya wakati, bwana mifugo wa kata alimwelekeza kwetu, naye akaja na kile kijusi ndani ya ndoo au mfuko wa mbolea. Wengine tulipima damu na kutafuta vijidudu. Fundi alichukua vipande vya ini, mapafu na kondo la nyuma, akavigandisha ndani ya nta, akavikata kwa mashine vikawa vyembamba kuliko karatasi, akavilaza juu ya kioo na kuvipaka rangi ili daktari wa mifugo avisome kwenye hadubini. Hapo ndipo kazi aliyoajiriwa kuifanya iliishia. Baada ya hapo alichukua taya.

Nilipoajiriwa nilikuwa binti wa Kichaga niliyetoka chuoni na cheti kipya, nimepanga chumba Lemara, na nilidhani yule mzee ana kasoro ya akili. Kila kijusi kilichopita mikononi mwake, awe ndama, mwanambuzi au mwanakondoo, alikitoa kipande cha taya, akakilaza kwenye dawa, na siku akipata nafasi akakikata. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi kabla yangu. Hakuna aliyemtuma.

Alinionyesha wiki yangu ya pili.

"Njoo uone, binti," akasema, akanipisha kwenye kiti chake, jambo ambalo baadaye nilijua hamfanyii mtu yeyote.

Niliona rangi ya zambarau na ya waridi. Nikasema naona mawingu.

"Hilo ni taya la mtoto wa ng'ombe. Angalia katikati. Huoni kengele?"

Niliangalia mpaka jicho likatoa machozi, ndipo nikaiona: umbo la kengele, mdomo wake ukielekea ndani ya taya.

"Hilo ni gego," akasema. "Bado halina ugumu wowote. Ukiligusa ni kama ute wa yai. Lakini vilele vyake vimeshapangwa."

Siku hiyo na nyingine nyingi alinieleza, akichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya fomu zilizoharibika. Ngozi laini ya ufizi inanenepa, inazama ndani ya taya kama chipukizi lililopandwa kichwa chini. Chipukizi linapanuka na kuwa kofia. Ndani ya kofia, seli chache zinakusanyika mahali pamoja na kuacha kuzaliana. Za pembeni zinaendelea kuongezeka na kuteremka, zile zilizosimama zinabaki juu, na pale ziliposimama ndipo kilele cha gego kitakapokuwa. Seli hizo zikishazipa nyingine amri ya kupita huku na kule, zinakufa. Kofia inapokuwa kengele, mafungu mengine madogo yanatokea, kila fungu na kilele chake, nayo pia yanakufa. Ng'ombe anapata vilele vilivyojipinda kama mwezi mchanga, vya kusagia majani. Nguruwe anapata vifupi vya mviringo, vinavyofanana na vyetu. Ukiwakuta mapema, wakiwa bado chipukizi, huwezi kujua nani ni nani.

"Nyumba unaanza na msingi," alipenda kusema. "Jino linaanza na paa. Ugumu unaanzia kileleni unateremka, na mzizi unamalizika mwisho kabisa, jino lenyewe likiwa limeshachungulia nje."

Kulikuwa na neno moja alilolichukia. Kwenye fomu zetu iliandikwa kwamba ng'ombe "ametupa mimba", maana ndivyo watu wanavyosema. Fundi alilikata neno hilo kwa kalamu na kuandika juu yake "imemtoka". Mkuu wa maabara, mtu mvumilivu, alimwomba mara nyingi aache kuchafua fomu.

"Ng'ombe hatupi," Fundi alimjibu. "Nimeona ng'ombe akilamba kitu ambacho hakina hata nywele. Mwenye kutupa halambi."

Siku moja alikuja mama mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima, mzee sana, amekifunga kijusi ndani ya shuka jipya. Mpokezi akamwonyesha ndoo ya kuwekea. Mama hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akasimama pale amekikumbatia. Fundi akatoka chumbani kwake na glavu mkononi.

"Shikamoo, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba."

"Mama yake anaitwa nani?"

Mpokezi akacheka, akidhani anauliza ukoo wa yule bibi. Bibi mwenyewe alielewa.

"Sidai," akasema. "Mimba ya kwanza."

"Anakula?"

"Jana alikataa. Leo amekula kidogo."

Fundi akapokea lile furushi kwa mikono miwili. "Shuka nitakurudishia, yeyo, lakini lazima tulichemshe kwanza. Ugonjwa huu unaweza kuingia kwako pia. Maziwa ya Sidai msinywe mabichi."

"Na huyu?"

"Huyu nitamzika."

Yule mama akasema maneno ya Kimaasai ambayo mimi sikuyajua. Fundi, na mvi zake, akainamisha kichwa kama mtoto, naye bibi akaweka kiganja juu yake.

Alimzika kweli. Utaratibu ulitaka mabaki yote yachomwe kwenye tanuru, na Fundi aliyachoma, kwa sababu ugonjwa si kitu cha kuchezea. Lakini majivu aliyakusanya kwenye debe na kuyafukia nyuma ya jengo kwa jembe alilolinunua mwenyewe. Kwenye kioo cha slaidi aliandika kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: Mtoto wa Sidai, miezi minne, gego la chini kushoto. Slaidi zake zote zilikuwa hivyo. Wengine tuliandika namba.

Nisiposema upande wa pili nitakuwa nimedanganya. Fundi alikuwa na subira na nta kuliko na watu. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walimwogopa, na wawili niliwakuta wakilia chooni. Mimi mwenyewe nilimaliza siku nzima nikitengeneza slaidi ishirini, nikaandika tarehe bila jina la mnyama. Alizivunja zote mbele yangu, moja baada ya nyingine, juu ya ukingo wa sinki, akaondoka kwenda kunywa chai. Aliporudi aliniwekea kikombe mezani na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hakusema samahani wala hakusema kwa nini. Nilikunywa ile chai kwa hasira, ikanichoma ulimi.

Kucheka kwa mdomo wazi hakukuwa kwake. Alikuwa na meno ya kahawia yenye mabaka, kama watu wengi waliokulia kwenye maji ya upande wake wa Meru, maji yenye floraidi nyingi inayoliharibu jino likiwa bado ndani ya taya. Aliwahi kuniambia kwamba chuoni vijana wenzake walimwita Kutu. "Walidhani sipigi mswaki," akasema, mkono ukiwa mdomoni. "Nikawaambia umbo nimepewa na mama yangu, rangi nimepewa na kisima." Alisema hivyo kama utani, lakini kwenye picha zote za ofisi, hata ile ya sikukuu ya wafanyakazi, midomo yake imefungwa.

Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao la Kilutheri huko juu kwenye migomba. Waliomsikia walisema ni sauti inayoshika ukuta. Lakini Jumapili ya ubatizo wa watoto hakuonekana kanisani. Mwenyekiti wa kwaya alimlalamikia, akamtoza faini ya viti, kuvipanga na kuvifuta mwezi mzima. Alivipanga. Jumapili ya ubatizo iliyofuata hakuonekana tena.

Kiburi pia alikuwa nacho, cha kimyakimya. Mwaka mmoja alitutembelea mhadhiri kijana wa chuo kikuu, mtu msikivu, na Fundi akafanya jambo ambalo hatukutarajia: akamfungulia madaftari yake. Alikuwa amechora vijusi kimoja kimoja, kwa miezi ya mimba, akionyesha lile fungu dogo la seli zilizosimama na mahali kilele kilipotokea baadaye. Alikuwa ameligundua mwenyewe, kwa kukata na kukata. Mhadhiri alifungua kurasa taratibu, na niliona uso wake ukibadilika, akitafuta namna ya kusema.

"Mzee, kazi hii ni safi sana," akasema. "Lakini hiki kitu kinajulikana. Wameshakiandika. Kinaitwa fundo la enameli."

Fundi akaweka kiganja juu ya daftari. "Kumbe kina jina."

"Kina jina, mzee."

"Wameandika zamani?"

"Zamani."

"Haya," akasema, akafunga daftari. "Vizuri kwamba kina jina."

Siku mbili hakukata kitu. Aliosha vioo ambavyo vilikuwa safi. Siku ya tatu alikuja na ile makala ya Kiingereza aliyochapishiwa na mhadhiri, akaiweka mbele yangu pamoja na kamusi iliyopoteza jalada, akaniomba nimsomee. Tulisoma ukurasa mmoja kwa wiki, wakati wa chai ya saa nne. Mara nyingine alinisimamisha, akaenda kabatini, akarudi na slaidi, akaangalia, akarudi kukaa.

"Wamekosea hapo?" nilimuuliza mara moja.

"Hawajakosea. Wao wameangalia panya. Mimi nimeangalia ng'ombe. Endelea kusoma."

Mkewe nilimfahamu mwaka wangu wa tatu, waliponialika Krismasi kwa sababu sikupata nafasi ya kwenda kwetu Kilimanjaro. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na uwanja wake ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Tulikaa wawili jikoni tukimenya ndizi. Kwa ujinga wa usichana nikamuuliza watoto wako wapi, wamekwenda kanisani?

"Walikuwa watatu," akasema, kisu hakikusimama. "Hakuna aliyefika miezi saba."

Nikasema pole. Akaitikia asante, kama mtu aliyepokea chenji.

"Wa tatu alinitoka siku ya kazi," akaendelea. "Nilimtuma jirani akapige simu ofisini kwake. Ujumbe aliupata saa nne asubuhi. Alifika hapa saa kumi na mbili jioni, mimi na dada yangu tumeshazika."

"Alikuwa wapi?"

"Kazini. Anasema alikaa kwenye kile kiti akashindwa kuinuka. Anasema alikata nta tupu, haina kitu ndani, mpaka wenzake wakafunga ofisi." Akaiweka ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. "Nilimchukia miaka miwili. Halafu nikachoka kumchukia. Ukoo wake walikuja hapa, wakamwambia aoe mwingine. Aliwatengenezea kahawa, wakanywa, akawaambia hataoa. Hilo nalo ni lake, siwezi kumnyima."

Nje tulimsikia Fundi akijaribu sauti yake ya besi, akimwonyesha mpwa wake wimbo wa ibada ya siku hiyo. Mkewe akasikiliza, akatabasamu kidogo, akaniambia nisikate ndizi kubwa kubwa, hazitaiva.

Baada ya siku hiyo nilimtazama kwa jicho jingine akitoka na debe na jembe. Sikumwambia kwamba najua. Nafikiri alijua kwamba najua, maana alianza kuniachia jembe nje ya mlango siku ambazo mgongo ulimuuma, nami nikafukia bila kuambiwa.

Niliolewa. Mimba yangu ya kwanza ilinitoka ikiwa na miezi mitano.

Nililazwa hospitali mjini. Wakaja ndugu, wakaja watu wa jumuiya, wote kwa upendo. Wakaniambia bado kijana, nitapata mwingine. Wakaniambia Mungu ana makusudi. Mama mkwe alikaa kando ya kitanda akinikanda miguu na kuniambia nisifikirie sana. Nguo ndogo nilizokuwa nimenunua ziliondolewa nyumbani kabla sijarudi, na mpaka leo sijui zilipelekwa wapi. Mume wangu hakuweza kuongea. Alikuja, akasimama, akaenda kununua maji, akarudi, akaenda tena kununua maji.

Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa mchana, alikuja Fundi na chupa kubwa ya chai. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Akasalimia, akakaa kwenye benchi, akafungua ile chupa. Haikuwa chai. Ulikuwa mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama anaopikiwa mwanamke aliyejifungua. Mkewe aliamka alfajiri kuupika. Kwetu sisi ambao ndio wenye mtori, hakuna mtu aliyekuwa amenipikia, kwa sababu hapakuwa na mtoto.

Nilikunywa vikombe viwili. Halafu nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu jana yake, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

"Fundi, alikuwa na meno?"

Mama mkwe akaacha kunikanda miguu.

Fundi alitazama mikono yake. "Alikuwa nayo," akasema.

"Mangapi?"

"Ya utotoni yote yalishaanza. Ishirini. Yako ndani ya taya, hayaonekani. Magego yake ya kwanza yalikuwa na vilele tayari, na ncha zake zilishaanza kupata ugumu."

"Yangetoka lini?"

"Mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ungemwona anatafuna vidole."

"Mzee wangu," mama mkwe akasema, "hayo si maneno ya kumwambia mgonjwa."

"Ameniuliza, mama," Fundi akajibu kwa upole.

Nililia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu niingie pale. Muuguzi akaja, akaona, akaondoka. Tangu jambo lile litokee hakuna mtu aliyekuwa amenizungumzia mwanangu kama mtu aliyekuwepo. Fundi alikaa pale mpaka kengele ya kutoa wageni ikalia, akafunga chupa yake, akasema, "Imekutoka, binti. Hujakosea kitu," akaenda.

Alistaafu miaka minne baadaye, kabla kidogo ya wakati wake, kwa sababu ya macho. Ilikuwa presha ya macho, na alikuwa ameificha muda mrefu. Sisi tulidhani anakaa sana kwenye hadubini kwa kupenda kazi, kumbe alikuwa anatafuta kwa jicho lililobaki. Hakutaka sherehe. Siku ya mwisho alinipeleka kwenye kabati la nyuma, akanionyesha masanduku kumi na manne ya mbao yenye slaidi zake za magego, na madaftari juu yake.

"Nyumbani kwangu kuna unyevu," akasema. "Zitaota ukungu. Utaziangalia?"

"Nitaziangalia, Fundi."

Na miaka kadhaa niliziangalia. Nilifuta vumbi, nilihamisha masanduku mvua ilipovuja. Mara chache nilimpandia nyumbani kumsalimia, na kila mara aliniuliza hali ya nta kabla ya kuniuliza hali yangu. Halafu nikapata mtoto, halafu nikapewa cheo, nikawa msimamizi wa stoo na vifaa. Kumpandia kukapungua, kukakoma.

Maabara ilipohamia jengo jipya, iliandaliwa orodha ya vitu visivyohamishwa. Viti vilivyovunjika, jokofu bovu, chupa tupu. Katikati ya ukurasa wa tatu iliandikwa: slaidi za zamani, hazina matumizi, masanduku kumi na manne. Karatasi ilihitaji saini yangu. Lori lilikuwa nje, dereva ameshapiga honi mara mbili.

Ningeweza kusema sikuona. Niliona. Nilipiga simu ya Fundi, haikupatikana. Sikupiga ya mkewe, ambayo ninayo. Jengo jipya lilikuwa na kabati chache, mkuu mpya wa maabara hakuwa anamjua Fundi, na mimi sikutaka siku yangu ya kwanza kwenye ofisi mpya iwe ya kugombania masanduku ya mtu aliyestaafu. Nikasaini. Wakazibeba, na nikasikia vioo vikigongana ndani ya mbao walipokuwa wanapandisha.

Ilinichukua karibu miaka miwili kwenda kumwambia.

Nilikwenda Jumamosi moja mwaka jana, na binti yangu wa miaka sita. Tulishuka barabara kuu, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba na kahawa. Mkewe alikuwa amekwenda shambani. Fundi alikuwa amekaa barazani, amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Nilipomwamkia aligeuza uso upande wa sauti, na nikajua kwamba hata lile jicho jingine limekwisha.

"Marahaba, binti. Nta inaendeleaje?"

"Siku hizi wanakata kwa mashine ya umeme, Fundi."

"Ee. Inakubali?"

"Inakubali."

Mtoto alikwenda uani kuangalia sungura. Nilijua nikianza kunywa kahawa yake sitasema, kwa hiyo nikasema.

"Fundi, slaidi zako zimetupwa. Tulipohama jengo. Karatasi niliisaini mimi."

Kuku walipita mbele yetu, wakarudi.

"Zote?"

"Zote."

"Na madaftari?"

"Na madaftari."

"Ulijua ni zangu." Hakuwa anauliza.

"Nilijua."

Nilikuwa nimekuja nikitegemea aseme haidhuru. Yeye ni mzee, ni mtu wa kanisa, na mambo yenyewe yameshapita. Hakusema haidhuru.

"Ningependa ungeniuliza," akasema. "Ningekuja kuzichukua. Hata kwa toroli, hata zikaota ukungu."

"Nisamehe, Fundi."

Akaitika kwa kichwa, lakini ilikuwa ile ya mtu aliyesikia, si ya mtu aliyesamehe. Akapapasa kikombe chake, akakikuta kitupu, akakiacha. Nilitaka kuinuka niondoke na sikujua namna ya kuondoka.

Mtoto akaja mbio kutoka uani, mkono shavuni. "Mama, huku nyuma kunauma tena."

"Nani huyo?" Fundi akauliza.

"Binti yangu."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Sita."

"Kunauma nyuma kabisa? Chini?"

"Chini."

Aliniomba maji na sabuni. Nilimmiminia, akanawa mpaka kwenye viwiko, taratibu. Kisha akamgeukia mtoto. "Naomba nikuguse hilo jino. Unaniruhusu?"

Binti yangu alinitazama. Halafu akamwambia, "Nakuruhusu," akafungua mdomo.

Fundi akaingiza kidole kimoja. Uso wake ulikuwa juu, umeelekea mlimani, ambao hakuweza kuuona. Kidole kilikwenda, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo.

"Upande wa ulimi vilele viwili," akasema. "Upande wa shavu viwili. Cha tano ufizi umekifunika, ndicho kinachokuuma. Kipo. Kitatoka." Akatoa kidole. "Hilo ni gego la kudumu. Lilianza ukiwa tumboni kwa mama yako. Usiwe unalisahau ukipiga mswaki, maana liko mbali."

Mtoto akasema sawa, babu, akarudi kwa sungura.

Nilimmiminia tena maji. Alijifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, akaikunja. Nikadhani amemaliza na mimi. Nikachukua mkoba wangu.

"Yule wa kwanza," akasema. "Angekuwa na miaka mingapi sasa?"

Tangu siku ile ya hospitali hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, hata mume wangu. Lakini hesabu nilikuwa nayo.

"Kumi na miwili. Angetimiza mwezi wa kumi."

"Basi gego la pili la kudumu lingekuwa linatoka."

"Ndiyo, Fundi."

"Angekuwa analalamika."

"Ndiyo," nikasema, nikaweka mkoba chini. "Angekuwa analalamika."